Maiti Iko Wapi? Maoni ya Wasomaji juu ya Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Mwaka uliopita tulisoma darasani, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili, riwaya ya Faraji Katalambulla iitwayo Simu ya Kifo, iliyotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1965. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, kwa hiyo ilisomwa kwa sauti, kila mwanafunzi akipokezana na mwenziwe. Aidha, nakala hiyo ilikuwa imepitia mikono mingi kabla ya kufika Lubumbashi, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimekwisha kung'oka. Tulifika mahali ambapo mauaji yamekwisha tendeka, Inspekta Wingo yumo kazini, na kitabu kinakatika.

Mwalimu aliona hasara. Wanafunzi waliona nafasi ya kubishana. Wa kwanza aliuliza kwa nini polisi hawakufuatilia namba ya simu iliyopigwa. Wa pili alishangaa kwamba hapakuwa na kamera wala kipimo cha vinasaba. Wa tatu, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, alisema kwamba hayo yote si kitu: maadamu maiti ipo na watu wameiona, kesi hii ni nyepesi. Kwao nyumbani, alisema, wazee huanza kwa kuuliza maiti iko wapi, na mara nyingi mazungumzo hukomea hapo.

Makala haya yamezaliwa na swali hilo. Yanakusudia kuonyesha kwamba maoni ya wasomaji juu ya riwaya ya upelelezi si porojo za kupitisha wakati tu, bali ni ushahidi wa kihistoria. Msomaji anaposema kwamba hadithi fulani ya mauaji inaaminika au haiaminiki, hatoi hukumu juu ya ufundi wa mtunzi peke yake. Anasema pia ni nani, katika nchi yake, anayeaminiwa kuujua ukweli na kuutamka.

2. Hukumu ya wahakiki

Kabla ya kuwasikiliza wasomaji wa kawaida, ni haki tuanze na wasomaji waliosikika zaidi, yaani wahakiki. Katika miaka ya 1970 na 1980, hasa nchini Tanzania, wengi wao waliigawa riwaya ya Kiswahili katika mafungu mawili. Upande mmoja waliweka fasihi waliyoiita dhati, yenye kuchambua jamii. Upande wa pili waliweka fasihi pendwa, yaani hadithi za upelelezi, mapenzi na ujambazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeitaka kila kazi ihesabiwe kwa faida yake kwa umma, na riwaya ya upelelezi ilishindwa kwa urahisi katika hesabu hiyo. Ilishtakiwa kwa kuiga vitabu vya Ulaya na Marekani, kusifu mabavu na pombe, na kumsahaulisha msomaji matatizo yake. Mwaka 1981 Rajmund Ohly aliitolea nathari ya miaka ya sabini kitabu kizima, kilichochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, na jina alilokipa liliitaja nathari hiyo kuwa ya kishari.

Hatusemi kwamba mashtaka hayo hayakuwa na msingi. Baadhi ya vijitabu vya wakati ule viliandikwa upesi ili viuzwe upesi. Hata hivyo, hukumu hiyo ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: iliwahukumu wasomaji bila ya kuwahoji. Ilichukulia kwamba anayesoma hadithi ya mauaji anaikimbia dunia yake. Haikuuliza kama pengine ndiyo njia yake ya kuitazama.

3. Nani anajua? Hatua nne za mpelelezi

Tukizipanga riwaya zenyewe kwa miaka yake, tunaona kwamba mtu anayekabidhiwa ukweli hubadilika, na mabadiliko hayo yanafuatana na historia ya siasa.

Wa kwanza ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Mtunzi huyu alizaliwa Makunduchi, Zanzibar, mwaka 1918. Baada ya masomo alifanya kazi katika idara ya afya, kisha mwaka 1948 akaingia katika uandishi wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Jina la kitabu linamwalika msomaji ategemee mizimu. Lakini Bwana Msa, akiwa na kiko chake kinywani na rafiki yake Najum ubavuni, anaonyesha kwamba aliyeua ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Undugu wake na Sherlock Holmes hauna haja ya kufichwa. La kuangaliwa ni kwamba Bwana Msa si askari. Polisi wamo, lakini akili iko nje ya ofisi ya serikali. Katika kisiwa kilichokuwa bado chini ya ulinzi wa Mwingereza, ukweli umewekwa mkononi mwa mwenyeji mwenye kufikiri.

Wa pili ni Inspekta Wingo wa Katalambulla. Miaka mitano tu imepita, lakini katikati yake kuna uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Sasa mwenye kujua ni ofisa wa polisi, Mwafrika, mtumishi wa dola mpya. Msomaji wa mwaka 1965 aliyeipenda Simu ya Kifo alikuwa, kwa namna fulani, akiipenda pia picha ya serikali inayomlinda.

Wa tatu ni Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetokea katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Huyu ni mpelelezi wa siri, na maadui zake ni maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kosa la jinai limekuwa jambo la kimataifa. Kwa sisi wa Kongo inafaa kukumbusha kwamba katika Kikosi cha Kisasi Musiba alimleta Willy Gamba mpaka Kinshasa. Wanafunzi wetu walipoelezwa habari hiyo walicheka, wakataka kujua alizungumza na watu kwa lugha gani katika mji wa Kilingala.

Wa nne ni Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mwandishi aliyezaliwa mkoa wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa tu kutoka kwetu. Katika Lazima Ufe Joram ya mwaka 1983 na vitabu vilivyofuata, Joram hufanya kazi nje ya jeshi la polisi, na mara nyingine huwatangulia wakuu wake. Miaka hiyo Tanzania ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi baada ya vita vya Uganda vya 1978-79, na imani katika ofisi ilikuwa imepungua. Ukweli ukarudi tena kwa mtu binafsi.

Mzunguko huu, kutoka kwa mwenye busara wa mtaani hadi kwa afisa, hadi kwa jasusi, na kurudi kwa mtu binafsi, haukupangwa na wahakiki. Ulifanywa na watunzi waliotaka kuuza, yaani waliojua wasomaji wao watamwamini nani. Ndiyo maana tunauhesabu kuwa ni maoni ya wasomaji, ingawa hayakuandikwa katika jarida lolote.

4. Alama ya kidole na kisu cha daktari

Riwaya ya upelelezi ya Ulaya ilikua pamoja na sayansi ya ushahidi. Alama za vidole zilianza kutumiwa kwa utaratibu wa polisi huko Bengal, ambako ofisi yake ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na London ikafuata mwaka 1901. Mwaka 1910 Edmond Locard alianzisha maabara ya polisi katika mji wa Lyon, Ufaransa. Vinasaba vilichelewa mno: Alec Jeffreys aliigundua njia ya kuvitambua watu kwavyo mwaka 1984, mjini Leicester. Kwa hiyo mwanafunzi anayemlaumu Inspekta Wingo kwa kutotumia vinasaba anamlaumu kwa kutojua jambo lililogunduliwa miaka 19 baadaye. Somo hilo la tarehe lilitusaidia sana darasani.

Lakini kuna jambo zito kuliko tarehe. Sayansi hiyo haikuwafikia wasomaji wetu kama rafiki wa haki. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1919-1920, mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande, chenye alama za vidole vyake, ndani ya kisanduku cha bati kilichoning'inia shingoni. Alama hiyo ilichukuliwa kabla hajatenda kosa lolote, ili asimtoroke mwajiri wake. Mzungu wa riwaya huogopa alama ya kidole kwa sababu ameua; mfanyakazi wa Nairobi aliiogopa kwa sababu ameacha kazi.

Hali kadhalika uchunguzi wa maiti. Katika pwani, neno mumiani, ambalo asili yake ni jina la dawa, liligeuka kuwa jina la wanyonya damu waliosemekana kuwakamata watu usiku. Nairobi na Kampala watu waliwanong'ona wazimamoto. Hapa Katanga, katika wakati wa ukoloni, wazee wetu waliwaogopa mutumbula, Waafrika waliodaiwa kuwateka wenzao na kuwapeleka kwa Wazungu waliwe. Wanahistoria kama Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, wametufundisha kutozicheka habari hizo. Hazikuwa kweli kama taarifa za polisi zilivyo kweli, lakini zilieleza kwa usahihi jinsi kazi, hospitali na sheria zilivyoonekana na wale waliokuwa chini yake.

Basi tuseme hivi: kabla ya kusoma riwaya hata moja ya upelelezi, msomaji wa Afrika ya Mashariki na Kongo alikuwa tayari na hadithi zake za jinai. Ndani yake mwenye gari, mwenye taa na mwenye kisu cha hospitali hakuwa mpelelezi. Alikuwa mshukiwa. Mtunzi aliyetaka kumfanya daktari wa maiti kuwa shujaa wake alikuwa na mlima wa kupanda. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya mpelelezi wa Kiswahili kutegemea zaidi maneno, tabia na ujirani kuliko darubini. Bwana Msa huwajua watu, hahitaji maabara.

5. Lubumbashi: ushahidi ulioyeyushwa

Katika mji wetu riwaya ya jinai ilipata pia njia ya Kifaransa. Waliosoma shule walimjua kamishna Maigret wa Georges Simenon, Mbelgiji wa Liège ambaye mwenyewe alisafiri katika Kongo mwaka 1932. Waliotaka Kiswahili walingoja vitabu vilivyovuka mpaka kwa bahati, katika lugha ambayo si ile ya mitaa ya Kenya na Kamalondo. Wanafunzi wetu wanaisoma Simu ya Kifo kama watu wanaomsikiliza binamu wa mbali: wanaelewa, lakini wanasimama kila aya kuulizana.

Hata hivyo, tofauti kubwa haiko katika msamiati. Iko katika kesi wanayoibeba kichwani wanapofungua kitabu. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege Élisabethville, na usiku uleule wakapigwa risasi porini, mahali paitwapo Shilatembo. Tarehe 13 Februari Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, alitangaza kwamba walikuwa wametoroka na kuuawa na wanakijiji. Tume ya Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya Novemba 1961, haikuikubali hadithi hiyo. Lakini tume ilikosa kitu ambacho kila mpelelezi wa riwaya hukianzia: maiti hazikuwapo. Gerard Soete, kamishna wa polisi Mbelgiji, alikuwa amezifukua pamoja na msaidizi wake, akazikatakata na kuziyeyusha kwa tindikali.

Hapa historia inakutana na somo letu kwa namna ya kutisha. Mwaka 1978 Soete huyohuyo alichapisha, kwa Kiholanzi, kitabu cha masimulizi juu ya mauaji hayo. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulinda ushahidi aliuangamiza, kisha akauhifadhi katika umbo la hadithi, katika lugha ambayo karibu hakuna mtu wa mji huu angeweza kuisoma. Ilibidi tungoje kitabu cha Ludo De Witte cha mwaka 1999, kisha tume ya bunge la Ubelgiji iliyomaliza kazi yake mwaka 2001, ndipo karatasi zikaanza kusema kile ambacho mitaa ilikuwa ikikisema kwa miaka 40. Naye Soete, karibu na mwisho wa maisha yake, alikiri hadharani, akasema pia kwamba alichukua meno.

Jino moja lilikamatwa na vyombo vya sheria vya Ubelgiji mwaka 2016, na tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa kwa familia mjini Bruxelles. Likapita Sankuru, likapita Kisangani, likafika hapa Haut-Katanga na Shilatembo yenyewe, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022. Kipimo cha vinasaba hakikufanywa, kwa kuwa kingeliharibu jino lenyewe. Sayansi ambayo wanafunzi waliidai katika Simu ya Kifo ilikuwapo safari hii, tena tayari. Lakini kuitumia kungekuwa kuyeyusha mara ya pili kile kidogo kilichosalia.

Tulipofika hapa darasani, mabishano yaligeuka. Kundi moja lilisema kwamba sasa wanaona kwa nini riwaya ya upelelezi ni uongo: ndani yake muuaji hupatikana daima, na hupatikana wakati mashahidi wangali hai. Kundi la pili lilisema kwamba kwa sababu hiyohiyo wanaipenda: angalau katika kitabu kuna mtu mmoja anayekataa kuondoka kabla ya kujua. Mwanafunzi wetu yule wa tatu aliongeza neno moja. Alisema kwamba katika mtaa wao watu wote wanajua. Ila karatasi ndiyo isiyojua.

6. Hitimisho

Tusitie chumvi. Kikundi cha wanafunzi walioizunguka nakala moja isiyo na mwisho si utafiti wa takwimu. Tena wapo wanaosoma hadithi za mauaji ili kuisahau kero ya umeme uliokatika, na hiyo ni haki yao. Hata hivyo, maoni tuliyoyasikia yanatosha kuitilia shaka hukumu ya zamani. Wale waliosema kwamba fasihi pendwa humtoa msomaji katika historia yake hawakumtazama akisoma. Wasomaji wetu walipoiacha dakika kumi hadithi ya kubuni ya mwaka 1965, walikwenda moja kwa moja Shilatembo.

Kwa maoni yetu, mambo mawili yanafuata. La kwanza, riwaya ya upelelezi ya Kiswahili inastahili nafasi katika programu zetu, si kama kitoweo cha kuwavutia wavivu, bali kama kumbukumbu ya nani aliaminiwa, wapi, na katika mwaka gani. Mzimu wa Watu wa Kale na Lazima Ufe Joram zikisomwa pamoja zinaeleza miaka zaidi ya ishirini ya imani na kukata tamaa kuliko hotuba nyingi za siasa.

La pili linatuhusu sisi wa Lubumbashi zaidi. Mji huu una mazoea ya kuiandika historia yake kwa Kiswahili chake. Mnamo 1965 André Yav, aliyekuwa amefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, aliandika habari za Élisabethville kama wafanyakazi wenzake walivyozikumbuka. Johannes Fabian akayachapisha maandishi hayo mwaka 1990. Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi, na kifo cha Lumumba ndani yake, wakati ambapo nyaraka zilikuwa bado zimefungwa Bruxelles. Hao nao walikuwa wapelelezi, na hawakuwa na maabara. Kazi yao haijakwisha. Waliokuwa vijana mwaka 1961 wanazidi kupungua kila mwaka, na kila mmoja anaondoka na sehemu yake ya ushahidi.

Kwa hiyo zoezi tulilowapa wanafunzi mwishoni mwa muhula halikuwa kuzitunga upya kurasa zilizopotea za Simu ya Kifo, ingawa wengi walilitaka hilo. Tuliwaomba kila mmoja amwendee mzee mmoja wa mtaani kwake, amsomee sura ya kwanza ya riwaya, kisha aandike, kwa maneno yaleyale ya mzee, maoni yake juu ya hadithi hiyo na juu ya kesi yoyote ambayo itamjia akilini. Daftari za kwanza zimekwisha rudi. Karibu kila mzee alianza na swali lilelile, akiuliza maiti iko wapi. Safari hii walioulizwa walikuwa na kalamu mkononi.